Ngozi Niliyompa Mdogo Wangu

Siku ya tano walipofungua bandeji mgongoni kwa mdogo wangu, ngozi yangu ilikuwa imeshika. Daktari msaidizi aliinama karibu kabisa, akaibonyeza kwa ncha ya kidole, ikawa nyeupe, halafu wekundu ukarudi polepole.

"Mnaona? Damu inapita," alisema. "Ngozi ya dada mtu inakunywa damu ya mdogo mtu."

Mama alikaa chini sakafuni pale pale, akajifunika uso kwa kanga. Mimi nilibaki mlangoni. Paja langu walipochuna ile ngozi lilikuwa linawaka, na sikutaka mtu aone ninavyochechemea, kwa hiyo nikafurahi peke yangu. Sikusema kitu. Huwa sisemi kitu. Shuleni, kidato cha tatu chote, mwalimu wa baiolojia anadhani nina kigugumizi, nami nimemwacha aendelee kudhani hivyo maana inanipunguzia kuulizwa maswali.

Kuungua kwenyewe kulitokea nikiwepo, na hili sijalisimulia popote isipokuwa humu daftarini. Ilikuwa likizo ya Juni, ile baridi ambayo ukungu unaingia mpaka jikoni. Mama alikuwa zamu ya shamba la kijiji. Niliachiwa sufuria ya maharage motoni na mdogo wangu wa miaka sita, nikaambiwa nivitazame vyote viwili. Alikuwa amechuchumaa ameupa moto mgongo, kama watoto wote wa huku wanavyofanya asubuhi za Juni, na mimi nilikuwa naandika. Aliegemea nyuma kidogo, figa moja likateleza, na maharage yote yakammwagikia toka mabegani hadi kwenye makalio. Ninachokumbuka ni kwamba kabla ya kuinuka nilimalizia neno nililokuwa naandika. Neno moja tu, lakini nililimalizia.

Lori la ushirika lililokuwa linakwenda Soni kupakia kabichi lilitubeba mpaka njia panda, na kutoka pale tukapata gari jingine hadi hospitali ya misheni. Daktari msaidizi alikuwa mtu wa Tanga mjini, mwembamba, mwingi wa maneno. Sisi Wasambaa alituita watani wake tangu dakika ya kwanza, hata kabla ya kuuliza majina. Alimsafisha mdogo wangu, akamtundikia maji, akatuita mimi na mama pembeni.

"Kidonda ni kikubwa, na mtoto hana nguvu," alisema. "Nikimkata ngozi yake mwenyewe leo nitakuwa namwongezea kidonda kingine. Kwa hiyo tutaazima. Nani anaazimisha?"

Mama alinyoosha mkono, lakini alikuwa na homa na alikohoa usiku kucha. Daktari akanitazama mimi.

"Na wewe, bubu, utaazimisha?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Sasa nisikilizeni vizuri. Hii ni ya kuazima. Itakaa wiki mbili, ikizidi tatu. Itazuia maji yasimtoke na vijidudu visimwingie. Yeye ale, anenepe. Baadaye mwili wake utaikataa, itakauka, itabanduka. Hapo ndipo tutachukua ngozi yake mwenyewe pajani, na hiyo ndiyo ya kudumu. Mmeelewa?"

Mama alisema ndiyo. Mimi nilielewa. Siku ile watu waliojua kwamba ngozi ile itabanduka tulikuwa watatu, na tulibaki watatu, kwa sababu mama hakumwambia mtu. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akashangaa swali langu. Mgonjwa yuko kitandani, watu wanakuuliza imeshika? Utajibu imeshika lakini itabanduka? Huo si uchuro? Kwetu habari njema ya mgonjwa haitiwi mkia. Ukishataja baya juu ya mtu aliyelala, umeliita. Mama akajibu imeshika, akanyamaza, na habari ikapanda mlima na kushuka upande wa pili bila mkia.

Baba mkubwa alikuja siku ya sita. Yeye ni kaka yake baba, na ni katibu wa kijiji chetu cha ujamaa. Mtu wa mikutano. Hata akiomba maji ya kunywa utadhani anafungua kikao. Alikuja na kuku miguu imefungwa, akasimama katikati ya wodi ya watoto, akanishika bega.

"Wazazi wenzangu," aliwaambia akina mama waliokuwa wanawanyonyesha watoto wao, "mnamwona binti huyu? Amemvulia mdogo wake ngozi. Si shati, ngozi! Na mwili umeipokea. Kwa nini umeipokea? Kwa sababu damu moja haikataani. Huu ndio ujamaa wenyewe, haukuanzia kwenye vitabu."

Akina mama walipiga makofi. Mama alitazama sakafu. Mimi nilimtazama mama. Hapo ndipo angesema, au mimi ningesema. Kuku akapiga mabawa, watu wakacheka, na nafasi ikapita. Jumapili kanisani wakashukuru kwa sala, nikasimamishwa mbele nitazamwe. Sijawahi kuchukia makofi kama siku ile.

Paja langu lilibadilishwa bandeji kila baada ya siku tatu. Mara ya tatu daktari alinikuta peke yangu, na swali lililokuwa limenikaa kooni likatoka.

"Mwili unajuaje kwamba ni ngozi yangu?"

"Lo! Kumbe ina sauti!" Aliacha mkasi. Nadhani hakuwa na mtu wa kuongea naye mambo yale, maana alivuta kiti akakaa kinyumenyume. "Mwili una mgambo wake. Chembe nyeupe za damu. Wanazunguka mchana na usiku wakimuuliza kila wanayekutana naye, wewe wa hapa? Chembe zako zina alama yako, za mdogo wako zina alama yake. Zinafanana kidogo, lakini si zile zile. Mgambo wake wakiigundua alama yako hawaanzi siku hiyo hiyo. Wanaitana kwanza, wanajipanga. Ndiyo maana nimesema wiki mbili."

"Hata kama ni baba mmoja, mama mmoja?"

"Hata kama. Labda wawe mapacha wale wa kufanana kabisa. Mimi na kaka yangu tukipeana ngozi zitakataana, na kwa tabia tulishakataana zamani." Akacheka peke yake. "Lakini hilo ni dogo. Kuna kubwa zaidi. Ulaya huko wanapandikiza uboho, ule ute wa ndani ya mifupa. Mgambo ndiko wanakozaliwa. Mgonjwa anauliwa kwanza mgambo wake wote kwa miale, ndipo anatiwa uboho wa ndugu yake. Sasa hapo nani mwenye mgambo?"

"Mgeni."

"Mgeni! Anaingia nyumbani kwa mtu, anatazama kuta, anasema, huyu mwenye nyumba simjui. Anampiga mwenye nyumba."

"Anampiga wapi?"

"Kwenye ngozi. Kwenye ini. Lakini hasa tumboni. Utumbo ni mpaka mrefu kuliko mipaka yote ya mwili. Chakula kinapita, vijidudu vinapita, kila saa, kwa hiyo mgambo wengi wamepangwa huko. Mgeni akifika anakuta makelele, vijidudu huku, walinzi huku, naye anapandwa na hasira. Mgonjwa anahara mpaka anakwisha. Wakubwa wa kazi hii bado wanabishana kama ni utumbo unaouwasha ugomvi, au ugomvi unaanzia kwingine ndipo unaufikia utumbo. Mimi nasema utumbo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hata kwangu mimi ugomvi unaanzia jikoni."

Niliandika yote jioni ile, kurasa nne, nikachora na utumbo wenye walinzi wameshika magongo. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyepewa siri kubwa. Laiti ningekuwa nimesikiliza nusu ya pili kwa makini kama ya kwanza.

Siku ya kumi na tatu ukingo wa ngozi yangu ukaanza kuwa mweusi. Siku hiyo hiyo mdogo wangu akaanza kuhara.

Mtu mwingine angemkimbilia daktari. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko la hospitali, kwenye mikaratusi, nikafungua daftari nikasoma kurasa zangu nne. Mgeni anampiga mwenye nyumba. Ngozi. Tumbo. Mgonjwa anahara mpaka anakwisha. Nikajiona mimi ndiye. Vipande vyangu vimelala mgongoni mwake, mgambo wangu wamekwisha kuingia, wameshuka mpaka tumboni, wanamtazama mtoto wa mama yangu na kusema huyu hatumjui. Kwanza nilimchoma, na sasa namla kwa ndani.

Siku mbili nilizunguka na swali. Nilimngoja daktari mlangoni pa chumba cha kubadilishia vidonda, akapita na muuguzi. Nilimngoja kwenye ngazi, akanisalimia kwa utani, "Bubu, habari za milimani?" nikajibu nzuri. Nzuri! Usiku nilijipiga kofi mdomoni, kwa kweli nilijipiga. Mdogo wangu alikuwa amekonda, macho yameingia ndani, ananiomba maji kwa Kisambaa kwa sababu nguvu za kusema Kiswahili zilikuwa zimemwisha. Mwishowe nikaliandika swali kwenye karatasi, nikalisahihisha mara tatu kama insha, nikampa mkononi, nikageuka nikimbie.

"Simama hapo," alisema.

Alisoma. Alianza kucheka, halafu akaacha.

"Umekaa na hili siku ngapi?"

"Mbili."

"Shida yenu watu wa kimya, mnajihukumu na kujinyonga kabla kesi haijaitwa." Akaikunja ile karatasi. "Mdogo wako ana mgambo wake kamili. Hakuna aliyewaua. Ndio hao wanaoikausha ngozi yako, na ndivyo nilivyokuambia. Ngozi nyembamba kama ile haina jeshi la kumpiga mtu. Ule ugonjwa unataka mambo mawili, mgeni awe na askari wengi, na mwenyeji awe hana. Hapa hakuna hata moja."

"Sasa anaharishwa na nini?"

"Labda ni sindano ninazompiga. Zinaua vijidudu vibaya vya kidondani, zinaua na vile vyema vya tumboni, na ule mpaka wa utumbo unakosa mlinzi. Labda ni maji. Sijui. Nitabadilisha dawa, nawe umnyweshe maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko. Umesikia? Siyo wewe."

Nilitaka kumshukuru, nikasema "Ndiyo." Nilimnywesha kijiko kwa kijiko siku nzima, na ya pili yake. Siku ya tatu akakataa kijiko akataka kikombe.

Lakini balaa lenyewe lilikuwa linapanda ngazi. Baba mkubwa alifika siku ileile ngozi ilipobanduka. Aliingia wodini wakati muuguzi anainua kwa koleo kipande cheusi kikavu kama ganda la mgomba, na chini yake nyama nyekundu. Alitazama muda mrefu.

"Imekataliwa," alisema.

"Ndiyo, shemeji," mama alijibu. "Daktari alisema..."

"Imekataliwa," alirudia, na sasa hakuwa anaongea na mama. Akatoka bila kumgusa mtoto.

Alichokuwa anafikiri kilinifikia kupitia kwa muuza matunda ya pea mmoja wa Soni aliyekuja kumwona mtoto wake kitanda cha jirani. Mwaka kabla mdogo wangu hajazaliwa, viazi vilikuwa vimeoza kwa mvua, na mama aliteremka bondeni, kijiji cha Mnazi, kulima mpunga msimu mzima, huku baba akiwa kazini kwenye kiwanda cha mbao Mombo. Alirudi na magunia mawili na mimba. Baba alikuwa amekwenda kumtembelea huko, mara mbili, lakini nani alimwona? Sasa kijijini watu walikuwa wanahesabu. Ngozi ya dada imekaa wiki mbili halafu mwili umeitema. Damu moja haikataani, katibu mwenyewe alisema, na wodi nzima ilimpigia makofi. Basi hizi si damu moja.

Nilihisi kama nimemezwa. Yule yule aliyesimama juu ya jukwaa la kijiji kutuambia binadamu wote ni ndugu zake alikuwa anampima mtoto wa miaka sita kwa kipande cha paja langu.

Daktari alihitaji saini ya baba ili amkate mdogo wangu ngozi ya kudumu, na alisema isizidi wiki, kidonda kisije kikaoza. Lakini baba hasaini kitu cha ukoo bila kaka yake, na kaka yake alikuwa amesema mtoto asikatwe mpaka mama aseme alimzaa na nani. Akishasema, wataamua atibiwe kwa fedha za nani, na alazwe nyumba ipi. Wakati ule nyama ya mgongo wake ilikuwa wazi.

Tulikaa kikao Jumamosi mchana, nyumbani kwa bibi mzaa baba, baada ya baba kufika kutoka Mombo. Mama wa kitanda cha jirani alikubali kutuangalizia mtoto. Ndani walikuwa baba mkubwa kwenye kiti cha mgongo, baba kwenye kigoda, bibi juu ya kitanda chake cha kamba anachambua maharage, mama chini kwenye mkeka. Mimi nilikuwa wa kuleta chai. Daftari nilikuwa nimelificha chini ya kanga, kwenye ukurasa wenye picha ya walinzi wenye magongo. Njia nzima nilifanya mazoezi ya sentensi nne.

Baba mkubwa alianza mbali, kama kawaida yake. Akasema ukoo ni kama boma. Akasema mvua ya Mnazi si mvua ya huku, na mbegu iliyonyeshewa huko hujulikana ikiota huku. Hakulitaja jambo lenyewe hata mara moja. Baba alizungusha kofia yake mikononi. Mama hakuinua kichwa.

"Binti," baba mkubwa aliniita. "Wewe ni msomi. Daktari alisema nini?"

Nikatoa daftari. Nikafungua. Nikasema, "Mwili una... una mgambo," na zile sentensi nne zikatoweka zote.

"Una nini?"

"Mgambo. Wanauliza... alama."

Aliitazama ile picha ya utumbo, akanirudishia daftari taratibu. "Hii ni ya darasani, mwanangu. Huko mnafundishwa mengi. Weka chai."

Nikaweka chai. Ikamwagika kwenye kisosi. Niliona jinsi itakavyokuwa. Mama atanyamaza, kunyamaza kwake kutahesabiwa jibu, baba atazungusha kofia, na mdogo wangu atalala na mgongo wazi. Niliona na hasira ikanipanda mpaka masikioni. Hasira hasa kwangu mwenyewe, kwa kurasa zote ninazojua kuandika.

"Baba mkubwa, shikamoo," nikasema.

Nilikuwa nimeshamwamkia. Sikujua pengine pa kuanzia. Naye alishangaa, akaitikia, "Marahaba."

"Naomba wewe na baba mkatwe."

Bibi aliacha kuchambua.

"Kidogo tu," niliendelea haraka, macho nimeyaelekeza kwenye kikombe. "Kipande kama kucha. Cha kwako kiwekwe mkononi kwa baba, daktari atafunga. Tungoje mwezi. Kikikaa, basi mama ana kosa."

Nje kuku walikuwa wanaparua. Baba mkubwa alifungua mdomo, lakini bibi alimtangulia.

"Na kisipokaa?"

Nilikisogeza kikombe.

"Mjukuu wangu, nimekuuliza. Kisipokaa?"

"Kitakuwa kimekataliwa, bibi. Kama cha kwangu."

"Kwa hiyo mimi ndiye nitakayeitwa kwenye mkeka."

"Mama," baba mkubwa alisema, "mtoto hajui anachosema."

"Anajua. Asiyejua ni nani, mimi? Wewe ndiye uliyewaambia watu damu moja haikataani. Haya. Mkono wako si huo? Wa mdogo wako si ule? Jumatatu nendeni. Mimi nitakaa hapa nimngoje mwanangu wa kwanza aje kuniuliza nilimzaa na nani, na baba yake amelala pale nyuma ya migomba akisikia."

"Jumatatu nina mkutano wa kijiji."

"Jumanne."

"Jumanne, mama, Jumanne kuna wageni wa wilaya..."

"Jumatano, mghosi," bibi alisema, akimwita kama anavyomwita mtu mzima wa heshima zake, na hilo lilimchoma kuliko tusi. Baba mkubwa alijikuta anausugua mkono wake wa kushoto juu ya kiwiko. Alipoona tunamwona, aliacha.

Halafu baba akasema, na haya ndiyo yalikuwa maneno yake ya pekee siku ile:

"Karatasi ya daktari iko wapi?"

Mama alikuwa nayo, imefungwa kwenye pindo la kanga. Baba akaisaini juu ya goti lake. Hakumwambia mkewe neno. Hakumwambia kaka yake neno. Nilitaka aseme, hata nusu, hata "mke wangu." Akavaa kofia akatoka kwenda kutazama ng'ombe, na ng'ombe tuna mmoja.

Baadaye nikiwa naosha vikombe bibi alinifuata jikoni, akashusha sauti.

"Hivi kweli kingekataa?"

"Ndiyo, bibi."

"Hata kwa watu wa baba mmoja?"

"Hata hao."

Akafikiri. "Basi afadhali amekuwa na mikutano."

Mdogo wangu alikatwa siku tatu baadaye. Daktari alichuna ngozi pajani kwake, akaitoboatoboa ili itanuke, akaitandaza mgongoni. Siku ya tano ilikuwa nyekundu, ya kumi nyekundu, ya ishirini imefungana na kuanza kuwasha, akawa anajikuna kwenye nguzo ya kitanda na kugombezwa. "Sasa mgambo wameulizana, wameambiana huyu wetu," daktari alisema, na mdogo wangu akamuuliza kama wana bunduki.

Baba mkubwa hakuomba radhi kwa mtu. Wiki chache baadaye, kwenye mkutano wa kijiji juu ya zahanati, alisimama akaeleza kwamba kitaalamu hata ndugu wa tumbo moja hukataana ngozi, hiyo ni sayansi, na wananchi waache imani potofu zinazovunja nyumba za watu. Alieleza vizuri kuliko ningeweza mimi. Alitaja mpaka mgambo. Watu walipiga makofi. Nilikuwa nyuma na wanawake, nimekaa juu ya mikono yangu.

Lakini kinachonisumbua mpaka leo si yeye. Tangu Jumamosi ile mama alikuwa ananijibu kwa ufupi. Chakula kipo. Maji yapo. Nilidhani ni uchovu wa hospitali. Siku moja kabla ya kurudi shule, muhula ukiwa umeshaanza, tulikuwa mtoni tunafua shuka alizolalia mdogo wangu, nikakusanya nguvu zote nilizonazo nikamuuliza nimekosa nini.

Aliendelea kusugua.

"Siku ile ulisema nini nyumbani kwa bibi yako?"

"Nilisema wakatwe."

"Halafu?"

"Kikikaa..." Hapo ndipo nilipoisikia sentensi yangu mwenyewe.

"Kikikaa, basi mama ana kosa," mama alisema. "Ulisema hivyo. Mbele ya shemeji yangu na mume wangu. Umeniweka juu ya mzani ili unishindie."

"Lakini mama, nilijua kisingekaa!"

"Ulijua kwa sababu daktari alikuambia."

Nilitaka kusema hapana. Nilitaka kusema kwamba hata kabla ya daktari, hata bila daktari, ningemwamini. Lakini ukweli ni kwamba usiku ule muuza pea alipotuletea maneno ya kijijini, kabla sijalala, nilijaribu kukumbuka kama niliwahi kumwona baba akiondoka kwenda Mnazi. Nilijaribu kwa bidii. Mama alinitazama nikijaribu kulipata neno, akangoja kidogo, kisha akanikabidhi ncha moja ya shuka tukamue.